Ukungu wa Filamu na Ukungu wa Mkanda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakusanyaji wa Kigoma

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ukungu unaotanda juu ya ziwa alfajiri, na ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Mkusanyaji wa filamu hukutana na vyote viwili. Wa kwanza ndio anaoulipia, wa pili ndio unaomlia mali yake. Majibu haya yamelenga mtu wa Mwanga, Ujiji na Gungu hapa Kigoma, na yule wa Tabora ambaye adui yake si unyevu bali vumbi.

Filamu za giza na ukimya ni zipi hasa?

Ni zile ambazo ukimuuliza aliyetoka kuzitazama "imehusu nini?", atakutajia mahali kabla hajakutajia tukio: nyumba tupu, behewa la usiku, mwanamke anayetembea kando ya maji bila kusema neno. Hadithi ipo, ila nyembamba. Mzigo umebebwa na kivuli, sauti za mazingira, na muda ambao picha inaachwa bila kukatwa.

Nyingi zilitengenezwa kwa pesa kidogo, zikapita kwenye majumba machache ya sinema na kupotea. Mfano unaotajwa sana ni Carnival of Souls ya 1962. Mwongozaji wake, Herk Harvey, alikuwa akiishi kwa kutengeneza filamu za mafunzo na za viwanda huko Lawrence, Kansas. Jengo linaloogofya ndani yake ni ukumbi wa starehe wa Saltair, uliokuwa umetelekezwa kando ya ziwa la chumvi huko Utah. Ziwa, jengo tupu, kinanda cha kanisa na watu waliopakwa weupe usoni, basi.

Afrika nako zipo. Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali ilipata Tuzo ya Jury kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1987. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, mwaka 2001.

Mbona hazina stori? Mtu anapata raha gani?

Raha ya kusubiri. Filamu ya mapigano inakupa jibu kila dakika mbili. Hizi zinakuacha na swali, na akili yako inaanza kujaza pembe ambazo kamera haijazionyesha. Aliyewahi kukaa gatini usiku umeme ukiwa umekatika, akisikia maji yanagonga mbao na asijue nini kinasogea kule gizani, hahitaji maelezo zaidi.

Kwa mkusanyaji kuna jambo la ziada. Filamu iliyoingiza pesa nyingi ina nakala safi kila kona ya dunia. Isiyojulikana inaweza kuwa na matoleo manne yanayotofautiana kwa urefu, rangi na sauti, na kuyalinganisha ni nusu ya utamu. Kama kulinganisha kunakuchosha, tazama tu. Si lazima kila mpenda dagaa awe mvuvi.

Kwa nini nisitazame ile iliyotafsiriwa, kama ya kibanda umiza?

Kwa filamu ya vita au ya Kihindi, anayetafsiri anaongeza ladha, na wengine wao ni mafundi kweli kweli. Kwa filamu ya aina hii anaiua. Kazi yake ni kusema, na hajui kulipwa kwa kunyamaza. Penye dakika tatu za upepo na mlango unaolia ataweka mzaha. Isitoshe, sauti yake huwekwa juu ya sauti ya asili baada ya ile ya asili kushushwa, kwa hiyo hata akinyamaza huupati tena upepo ule. Tafuta nakala ya sauti ya asili, kisha uweke sabtaito za Kiswahili, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Namna ya kuzitengeneza iko chini.

Filamu ni moja, mbona nakala zina urefu tofauti?

Sababu ni tatu, na inafaa ujue unashughulika na ipi.

Ya kwanza ni mfumo. Filamu ya sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Ikihamishiwa PAL, mfumo wa video wa mikanda na diski za kwetu, mara nyingi huendeshwa kwa picha 25. Inaenda haraka kwa asilimia 4, kwa hiyo filamu ya dakika 100 inakuwa ya dakika 96 na sauti inapanda kidogo. Hakuna kilichokatwa. Ila kwenye filamu inayoishi kwa upole wa mwendo, sikio zuri linaligundua hilo, hasa kwenye muziki.

Ya pili ni kukatwa kweli. Carnival of Souls inapatikana ikiwa na dakika kama 78 na pia kama 84. Kwa kuwa nakala zake za mwanzo Marekani zilitoka bila tangazo la hakimiliki lililotakiwa na sheria ya wakati ule, iliangukia mikononi mwa umma, na kila aliyekuwa na mashine akaitoa kivyake kutoka kwenye kopi yoyote aliyoipata.

Ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote kwa mpenzi wa giza, ni rangi iliyopotea. Nosferatu ya 1922 ilipigwa mchana, hata matukio ya usiku. Usiku ulitengenezwa kwa kuipaka filamu rangi ya buluu. Mahakama Ujerumani iliamuru nakala ziharibiwe baada ya mjane wa Bram Stoker kushtaki, na zilizonusurika zilisambaa kwa njia za kila namna. Nyingi ni nyeusi na nyeupe tupu. Ukitazama moja ya hizo utaona mnyonya damu anakatiza mtaani jua likiwa limewaka, ushangae anaogopa nini kunapopambazuka. Nunua yenye rangi zake.

VCD yangu inaonyesha vigae vyeusi penye giza. Imeharibika?

Hapana, ndivyo ilivyozaliwa. VCD, diski ya video iliyotangulia DVD, ikiwa ya PAL ina picha ya nukta 352 kwa 288 na hubanwa kwa kiwango kisichobadilika, kilobiti 1,150 kwa sekunde. Mashine inayobana hutoa kafara kwanza yale ambayo jicho linatarajiwa kutoyaona, na la kwanza ni tofauti ndogondogo ndani ya kivuli. Ukungu na moshi ndiyo mtihani mgumu kupita yote, maana kila nukta inabadilika kidogo kila wakati. Gari linalolipuka linapita salama. Ukungu unageuka sakafu ya marumaru.

Ndiyo maana mkanda wa VHS uliochoka unaweza kuwa bora kuliko VCD mpya ya filamu hiyohiyo: mkanda unafifisha, haukati vigae. Mpangilio wa kununua, kwa maoni yetu: Blu-ray iliyosafishwa vizuri, kisha DVD, kisha VHS halisi ya kiwandani, na VCD mwisho kabisa. VCD ichukue pale tu ambapo filamu haipo kwa namna nyingine, na uhakikishe diski zote mbili zipo, kwani diski moja inabeba dakika 74 hadi 80 tu. DVD ya kuagiza uangalie namba ya eneo: Tanzania iko eneo la 5, Ulaya ni la 2. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu hazijali namba hiyo, ila ijaribu kabla ya kulipa. Kwa Blu-ray, sisi na Ulaya ni eneo B pamoja.

Mkanda una unga mweupe pembeni. Naweza kuuweka kwenye deki nione?

Usithubutu. Huo ni ukungu wa aina ya pili. Ukiuchezesha, unga unahamia kwenye kichwa cha deki, kile kinachosoma picha, na njia ya mkanda yote, na kila mkanda utakaofuata unapandikizwa. Kichwa kikiziba unapata chenga tupu. Zaidi ya hapo, tabaka za mkanda zilizogandana huchanika zikivutwa kwa nguvu.

Kwanza uweke kwenye mfuko wa plastiki peke yake, mbali na mingine. Usafishaji ufanyike nje, siku kavu, upepo ukitokea nyuma yako, ukiwa na barakoa na glovu. Vumbi la kuvu si la kuvuta.

Geuza kaseti, fungua skrubu 5 za chini kwa bisibisi ya nyota, kisha igeuze tena taratibu huku umeibana ili kifuniko kitoke juu. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Kuna springi na vigurudumu vidogo ambavyo vikiruka hutakumbuka vilikaa wapi. Toa magurudumu mawili yenye mkanda. Gamba la zamani litupe, na uandae gamba la kaseti nyingine isiyo na thamani, iliyo safi.

Futa kingo za mkanda uliovingirishwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kidonda ina maji mengi, na mafuta ya taa ndiyo kabisa yasikaribie. Acha ikauke dakika 30. Weka kwenye gamba jipya, kisha uzungushe mkanda kwa mkono kutoka gurudumu moja hadi jingine, ukiupitisha katikati ya kitambaa kikavu kilichokunjwa. Badilisha sehemu ya kitambaa kila mara kinapochafuka. Mkanda wa dakika 180 utakula saa nzima au zaidi. Ukisikia unakwama, simama, rudisha nyuma kidogo, jaribu tena, usivute.

Ukimaliza, uchezeshe mara moja kwenye deki ambayo hutaililia, na uuhamishie kwenye kompyuta safari hiyohiyo. Huenda usipate nafasi ya pili.

Usianike mkanda juani, hata ukiwa na haraka. Jua linakausha, kweli, lakini linapinda gamba na mkanda wenyewe, na mkanda uliopinda hausomeki sawa milele.

Picha ni nyeusi na nyeupe lakini filamu najua ni ya rangi.

Angalia mkanda umetoka wapi. Inayovuka ziwa au mpaka kutoka upande wanaotumia Kifaransa inaweza kuwa ya mfumo mwingine, SECAM. Deki ya PAL pekee inaisoma picha, rangi inaikosa. Mikanda ya Marekani na Japani ni NTSC, na kwenye deki isiyoikubali picha hupanda na kushuka bila kutulia. Dawa ni deki ya mifumo mingi, na mbele yake pawe imeandikwa mifumo hiyo kwa majina.

Kama mfumo ni sahihi na bado kuna chenga, kichwa kichafu. Ile mbinu ya kusugua kwa noti ya pesa iache: noti ina uchafu wa soko zima. Tumia kipande cha ngozi laini ya kufutia kioo chenye isopropili, kibane kitulie juu ya ngoma, ile silinda inayobeba vichwa, na uizungushe ngoma kwa mkono mwingine. Kamwe usisugue juu na chini. Vichwa ni ncha ndogo dhaifu zilizochomoza, na zikivunjika hakuna fundi atakayezirudisha. Tangu 2016, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, ilipoacha, vipuri vinatoka kwenye deki zilizokufa tu.

Mkanda umekatika. Nitumie selotepu?

Gundi yake huyeyuka kwa joto la deki na kuchafua kichwa. Kuna utepe maalumu wa kuungia mikanda. Kata ncha zote mbili mshazari, zikutane bila kupandana, na ubandike upande wa ndani, ule usiogusa kichwa. Kwa mwendo wa kawaida wa PAL mkanda hupita kama sentimita 2.3 kwa sekunde, hivyo ukikata sentimita 5 zilizokunjamana umepoteza sekunde 2. Huo ni uungwana kuliko kulazimisha sehemu iliyochakaa ipite. Baada ya kuunga, nakili mara moja kisha ustaafishe.

Nahamishaje mkanda kwenye kompyuta bila kuua giza lake?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza, na hawajui wamepoteza.

Peleka mkanda mbele hadi mwisho, urudishe hadi mwanzo, ili mvutano ukae sawa. Washa deki dakika 10 kabla. Kama deki ina tundu la S-Video lichukue kwa picha, na waya mwekundu na mweupe ubaki wa sauti. Kama haina, wa njano utafaa. Kifaa cha kunasia, kinachogeuza picha ya deki kuwa faili, kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyaji cha USB, maana hapo ndipo picha zinarukwa na sauti inaanza kuiacha midomo nyuma. Nasa dakika 5, tazama, ndipo uanze upya na filamu nzima.

Kabla ya kunasa, tafuta tukio lenye giza zaidi na tukio lenye mwanga zaidi, urekebishe kiwango cha mwangaza cha kifaa ili cheusi kisikandamizwe. Vifaa vya bei rahisi vina tabia ya kuponda kila kilicho chini ya kiwango fulani kiwe weusi mmoja. Kilichopondwa wakati wa kunasa hakirudi kwa programu yoyote.

Nasa kwa nukta 720 kwa 576, picha 25, sauti ya kilohezi 48, kwa umbizo lisilopoteza kitu kama HuffYUV au FFV1. Programu ya VirtualDub inaweza. Andaa nafasi ya gigabaiti 30 hivi kwa kila saa, kwenye diski iliyopangwa kwa NTFS au exFAT. Kwenye FAT32 faili linagota kwenye gigabaiti 4, na utalikuta limekufa dakika chache tu baada ya filamu kuanza.

Ukishapata nakala kuu, tengeneza ya kutazamia: umbizo la H.264, CRF (namba ya ubora, ikishuka picha inakuwa bora) kati ya 16 na 18. Filamu itakuwa na gigabaiti 2 hadi 4. Usikubali kushuka hadi megabaiti 700 ili zienee kumi kwenye flashi. Na usiwashe kisafisha chembe kwa nguvu. Programu haijui tofauti ya chembe za mkanda na ukungu wa mwongozaji, inafuta vyote. Ukiona anga limekuwa na mistari kama ngazi, ongeza chembe kidogo badala ya kupunguza. Nakala kuu ikae kwenye diski mbili, na moja isilale nyumba moja na nyingine. Ndugu aliye Tabora anafaa.

Nihifadhi vipi kwa hali ya hewa yetu?

Kigoma, kuanzia mvua za Oktoba na Novemba hadi Aprili au Mei, shida ni unyevu. Kuvu hustawi unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu. Lenga 35 hadi 50. Kipimo kidogo cha unyevu ndicho chombo cha kwanza kununua, kabla hata ya rafu. Weka mikanda kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, na kwa boksi la lita 30 tia gramu 50 hadi 100 za silika, chembe za kufyonza unyevu, ile inayobadili rangi. Rangi ikigeuka, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, uirudishe. Mchele si mbadala: unaacha unga na unaita wadudu. Boksi funga siku kavu. Ukilifunga mvua inanyesha umefungia unyevu ndani.

Naftalini usiiweke. Mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki. Wala usihifadhi chumba kimoja na magunia ya dagaa, kwani panya anayefuata dagaa hana ubaguzi. Deki iliyozimwa ifunike. Mende wanapenda joto lake, na hufa ndani penye nyaya.

Tabora kiangazi ni vumbi jekundu. Huko silika si ya lazima Julai na Agosti, ila kila kaseti ikae ndani ya kasha lake, deki ifunikwe kwa kitambaa kizito, na chumba kifagiliwe kwa kitambaa chenye maji.

Mikanda isimamishwe kama vitabu, ikiwa imerudishwa mwanzo au mwisho kabisa, isiachwe katikati. Diski za kuchomwa ziwekwe gizani, na usiandike juu yake kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu. Futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Anayedhani diski haziliwi ajue kwamba mwaka 2001 wanasayansi wa Hispania walieleza kuvu aliyekula tabaka la ndani la CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama mwambao wetu wa ziwa.

Sabtaito za Kiswahili nitengeneze mwenyewe?

Ndiyo, kwa programu ya Subtitle Edit au Aegisub. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo usitafsiri kila neno. Mistari isizidi miwili, herufi zisizidi 42 kwa mstari, na kasi ya herufi 13 hadi 15 kwa sekunde inasomeka bila kukimbizana. Hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, jina la faili lifanane na la filamu. Kama sabtaito inaanza sawa halafu inachelewa au kuwahi kadiri filamu inavyosonga, ni lile suala la picha 24 na 25. Kufikia dakika ya 60 pengo linakuwa kama dakika mbili na nusu. Kusogeza mwanzo hakusaidii. Badilisha kasi ya faili zima kutoka 25 kwenda 23.976 (ndiyo ile 24, kwa hesabu ya video), au kinyume chake. Na penye ukimya usiandike "ukimya".

Televisheni niiseti vipi?

Zima kulainisha mwendo, ile kazi inayofanya kila filamu ionekane kama taarifa ya habari. Shusha ukali wa picha hadi karibu na sifuri. Tafuta tukio la mtu mwenye koti jeusi: pandisha mwangaza hadi koti liwe kijivu, shusha polepole mpaka liwe jeusi, simama kabla mikunjo yake haijapotea. Kwa projekta na shuka nyeupe ukutani, kumbuka jua la Kigoma huzama karibu saa moja jioni, kama dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Kuanza mapema ni kuosha vivuli vyote. Nyumba ya mabati wakati wa mvua haina ujanja zaidi ya hedifoni.

Naweza kukusanya majirani na kuwatoza kiingilio?

Kutazama sebuleni na familia ni jambo moja. Kuonyesha hadharani kwa kiingilio ni jingine. Linahitaji ridhaa ya mwenye hakimiliki, na maonyesho ya hadhara ya filamu yapo chini ya Bodi ya Filamu. Ulizia ofisi ya utamaduni ya halmashauri kabla hujabandika tangazo.

Nimeletewa boksi zima la mikanda isiyo na majalada. Nianzie wapi?

Nusa kwanza. Harufu ya kabati lenye unyevu maana yake kuvu, zitenge. Zilizobaki, elekezea tochi kwenye kidirisha cha kaseti: mkanda unatakiwa kuonekana laini kama sahani, bila matuta. Angalia kama kile kidude cha pembeni, ambacho kikivunjwa mkanda haurekodiki tena, bado kipo. Mikanda ya kiwandani haina kidude hicho, kwa hiyo kilichopo huashiria mkanda wa kurekodia nyumbani. Hizo usizitupe. Mara nyingi ndizo zenye filamu ambayo haijawahi kutolewa kwa namna nyingine, imerekodiwa usiku kutoka kituo fulani, matangazo yake yakiwa humohumo.